Somo la Redio: Kushusha Gari Bila Kupoteza Raha ya Safari

Kwa kiongozi wa darasa: Kabla ya somo kuanza, andika maneno haya ubaoni: springi, shokapu, raba ya kizuizi, bodi, bushi, mzunguko, sentimita. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili. Tayarisha rula moja, na springi ndogo iliyomo ndani ya kalamu ya wino ya kubonyeza. Wanafunzi wote wawe na daftari na penseli.

MWALIMU: Wiki iliyopita tulisoma juu ya kupima kwa rula. Leo tutaitumia rula hiyo katika kazi ya gari.

Nipo Madaba, katika mkoa wa Ruvuma, chini ya mwembe ulio karibu na gereji ndogo. Barabara kuu ya lami itokayo Makambako na Njombe hupita hapa kwenda Songea. Pamoja nami yuko mzee mmoja ambaye ni fundi wa magari kwa miaka mingi. Yuko pia kijana mmoja mwenye duka, aliyekuja na gari lake. Shikamoo Mzee.

FUNDI: Marahaba, Mwalimu. Karibu gereji.

KIJANA: Shikamoo Mwalimu. Shikamoo Mzee.

FUNDI: Marahaba, mwanangu. Haya, sema shida yako, na wenzetu wasikie.

KIJANA: Mzee, gari langu ni Toyota Altezza. Nimelinunua likiwa limekwisha kutumika Japani. Napenda likae chini kidogo, kama magari ya michezo ninayoyaona mjini. Tazama, kati ya tairi na bodi vyaingia vidole vitatu. Wenzangu waniambia nikate springi, zishuke sentimita 5, kazi iishe kwa siku moja. Lakini gari hili ndilo la kila siku. Asubuhi naenda nalo dukani, na njia ya kwetu ni ya udongo. Na kila mwezi nampeleka mama hospitali ya Peramiho, kwa maana mgongo wamsumbua. Fedha zangu si nyingi. Nataka gari lishuke, lakini mama asiumie.

MWALIMU: Wanafunzi, mmesikia swali. Kijana ataka mambo matatu: gari likae chini, gharama iwe ndogo, na mama asafiri kwa raha. Je, mambo haya matatu yaweza kupatana? Bwana Fundi atatueleza.

Gari limekaa juu ya nini?

FUNDI: Kwanza tujue gari limekaa juu ya nini. Bodi haikukaa moja kwa moja juu ya magurudumu. Katikati pana springi. Springi ni chuma kilichozungushwa kama nyoka aliyejiviringa. Gurudumu likipanda jiwe, springi hubonyea, na bodi hubaki imetulia. Hiyo ndiyo raha ya gari.

Kando ya springi, au ndani yake, ipo shokapu. Wazee wengine huiita shokomzoba. Shokapu ni bomba lenye mafuta ndani. Springi ikibonyea, mafuta hupita katika matundu madogo, kwa shida. Shida hiyo ndiyo inayotuliza springi isiendelee kurukaruka. Springi hubeba uzito, na shokapu hutuliza mrindimo. Kila moja ina kazi yake.

Kitu cha tatu ni raba ya kizuizi. Hiki ni kipande cha mpira ambacho watu wengi hawakijui, kwa sababu kimejificha. Gurudumu likipanda sana mpaka nafasi ikaisha, hugonga raba hii ili chuma kisigonge chuma. Nafasi iliyo kati ya gari likiwa limetulia na raba hiyo ndiyo akiba yako ya raha.

MWALIMU: Wanafunzi, andikeni sentensi hii: Raha ya gari iko katika nafasi ya gurudumu kupanda. Kiongozi wa darasa, wape muda kidogo.

FUNDI: Vema. Sasa fikirini. Ukishusha gari, umekula akiba hiyo. Kama akiba ilikuwa sentimita 7, nawe umeshusha 5, zimebaki 2. Jiwe dogo tu, gurudumu lagonga raba. Aliye ndani husikia pigo mgongoni. Mtu husema, "Springi ni ngumu." Kumbe mara nyingi si springi, ni nafasi iliyokwisha.

Kwa nini springi iliyokatwa huwa ngumu?

KIJANA: Lakini Mzee, nimesikia kwamba springi ikikatwa huwa ngumu zaidi. Yawezekanaje? Chuma ni kile kile.

FUNDI: Ni kweli, huwa ngumu. Mwalimu, hiyo ni hesabu. Wewe ndiye mwenye ubao.

MWALIMU: Haya, tufanye hesabu. Mwaka 1678 mtaalamu mmoja wa Uingereza, Robert Hooke, alichapisha kanuni ya springi. Kanuni yenyewe ni rahisi: ukiongeza uzito mara mbili, springi hubonyea mara mbili, ukiongeza mara tatu, hubonyea mara tatu. Chukueni springi ya kalamu, mbonyeze polepole kwa kidole. Mwaona kwamba kila mzunguko hubonyea kidogo, na mizunguko yote hugawana kazi sawasawa.

Sasa tuseme springi ya gari ina mizunguko 6. Imebeba kilo 300, na kwa uzito huo imebonyea sentimita 12. Kila mzunguko umebonyea sentimita ngapi? Tugawe 12 kwa 6. Jibu ni sentimita 2.

Fundi akikata mzunguko 1, yabaki mizunguko 5. Uzito ni ule ule, kilo 300. Kila mzunguko wabonyea sentimita 2 kama zamani. Mara 5 ni sentimita 10. Mwaona? Kwa uzito ule ule, springi ndefu ilibonyea 12, fupi yabonyea 10. Ili springi fupi nayo ibonyee 12, yataka kilo 360. Imekuwa ngumu zaidi kwa sehemu moja ya tano.

FUNDI: Na gari lashuka kiasi gani?

MWALIMU: Tuseme mzunguko mmoja usiobebeshwa kitu una urefu wa sentimita 6. Ukibebeshwa uzito wa gari hubaki sentimita 4. Mizunguko 6 ikibebeshwa ina urefu wa sentimita 24. Mizunguko 5 ikibebeshwa ina 20. Basi springi imekuwa fupi kwa sentimita 4.

FUNDI: Hapo niongeze neno. Katika magari mengi madogo springi imekaa karibu sana na gurudumu, na hesabu hiyo yatosha. Lakini katika Altezza gurudumu limeshikwa na mikono miwili, mmoja juu na mmoja chini, na springi imekaa ndani kidogo. Ni kama mlango: ukiusukuma karibu na bawaba kwa kidole, ncha yake husogea hatua nzima. Kwa hiyo springi ikipungua sentimita 1, gari laweza kushuka zaidi ya sentimita 1. Anayekata kwa kukisia hukata mno. Na chuma kilichokatwa hakirudi.

Njia tatu ambazo tusizifuate

MWALIMU: Bwana Fundi, eleza njia ambazo mtu asizifuate, hata kama ni rahisi.

FUNDI: Ya kwanza ni kuchoma springi kwa moto wa gesi ili ilegee na kushuka. Chuma cha springi si chuma cha jembe. Kiwandani hupashwa moto mkali, kikapozwa ghafla, kisha kikapashwa tena kwa kipimo. Kwa njia hiyo chapata nguvu ya kurudi kila kinapobonyezwa. Ukikichoma bila kipimo, umeiondoa nguvu hiyo. Leo kimeshuka sentimita 3, mwezi ujao 6, na siku moja kikavunjika katika kona za Lukumburu, na bonde lipo kando.

Ya pili ni kufunga springi kwa waya au vibanio ili isinyooke. Waya hukatika.

Ya tatu ni kukata springi mpaka ikawa fupi kuliko nafasi yake. Gari likiinuliwa na jeki, au gurudumu likining'inia juu ya shimo, springi hulegea ikachezacheza. Yaweza kutoka mahali pake. Gurudumu likirudi chini, springi haipo kitini. Wasafiri watakuwa katika hatari.

KIJANA: Basi Mzee, nifanyeje?

Kwanza tengeneza, ndipo ushushe

FUNDI: Kwanza tulipime gari kama lilivyo. Njoo hapa mbele. Bonyeza bodi kwa nguvu juu ya gurudumu, kisha uachilie. Laruka mara ngapi?

KIJANA: Moja. Mbili. Tatu, na bado latikisika.

FUNDI: Shokapu imekufa. Shokapu nzima hurudisha bodi mara moja, ikatulia. Tena tazama hapa chini: pana mafuta, na vumbi limegandamana nayo. Gari hili limekwisha kupoteza raha, hata kabla hujalishusha. Mama yako haumizwi na urefu wa gari, anaumizwa na shokapu.

MWALIMU: Wanafunzi, hili ni jambo kubwa. Kijana alikuja na fedha za kushusha gari. Fundi amwambia azitumie kwanza kutengeneza kilichoharibika.

KIJANA: Mwalimu, nilikuwa nimeweka fedha za kununua rimu kubwa, na matairi membamba ya kuonekana vizuri.

FUNDI: Rimu zingoje. Soma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi lako.

KIJANA: 205/55 R16.

MWALIMU: Tuisome pamoja. 205 ni upana wa tairi kwa milimita. 55 maana yake kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 55 ya upana huo. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Basi kimo cha ubavu ni 205 mara 55, gawa kwa 100. Jibu ni karibu milimita 113, yaani zaidi kidogo ya sentimita 11. Wenzake wamwambia anunue 215/45 R17. Fanyeni wenyewe: 215 mara 45, gawa kwa 100. Jibu ni karibu milimita 97.

FUNDI: Umepoteza zaidi ya sentimita moja na nusu ya mpira. Kwa kimo matairi haya mawili yakaribiana sana, kwa hiyo gari halishuki. Lakini mpira wenye upepo ndio godoro la kwanza la gari. Ukipunguza godoro, pigo la kila jiwe lafika ndani. Tena rimu hupinda upesi katika mashimo. Baki na tairi lako, ulijaze upepo kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango, usizidishe.

Uzi unaotuambia kweli

MWALIMU: Kijana alinunua shokapu nne mpya, mbili za mbele na mbili za nyuma. Shokapu hubadilishwa kwa jozi, si moja moja. Fundi alitazama pia bushi, yaani mipira iliyo katika viungo, akabadilisha zilizopasuka. Kisha akafanya jaribio ambalo halikugharimu hata shilingi kumi.

FUNDI: Nilifunga uzi wa mpira katika fimbo ya shokapu, ile nyembamba ing'aayo. Gari likiwa limetulia, niliusogeza uzi mpaka chini, kwenye mdomo wa bomba. Nikapima kwa rula toka hapo mpaka raba ya kizuizi: sentimita 7. Nikamwambia kijana, "Nenda safari yako ya Peramiho kama kawaida. Mpakie mama, pakia mizigo, pita matuta ya vijijini, pita na njia yenu ya udongo. Kisha urudi."

Shokapu ikiingia, uzi husukumwa juu. Shokapu ikitoka, uzi hubaki pale pale ulipofika. Kijana aliporudi nikapima. Uzi ulikuwa umepanda sentimita 4.

MWALIMU: Akiba ilikuwa sentimita ngapi?

KIJANA: Saba.

MWALIMU: Safari ilitumia ngapi?

KIJANA: Nne. Zimebaki tatu.

FUNDI: Basi hapo ndipo penye jibu lako. Ukishusha sentimita 5 kama walivyosema wenzako, akiba yako itakuwa 2, na safari yataka 4. Kila safari mama atasikia raba ikigonga. Ukishusha 2, akiba ni 5, safari yataka 4, na 1 yabaki ya dharura. Gari hili lishushwe sentimita 2. Siku lisipobeba mtu litapendeza, na siku likibeba mama halitamuumiza.

KIJANA: Sentimita 2 ni kidogo, Mzee.

FUNDI: Ni upana wa kidole gumba. Uliniambia vidole vitatu vyaingia. Sasa vitaingia viwili. Atakayetazama ataona.

Namna kazi ilivyofanywa

MWALIMU: Kijana alikubali. Sasa fundi ataeleza hatua za kazi. Andikeni kwa namba.

FUNDI: Hatua ya 1. Tafuta springi fupi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari la aina hiyo hiyo. Hizi ni bora kuliko kukata, kwa sababu kiwanda kimepima ugumu na urefu pamoja. Zilizotumika ni rahisi zaidi katika maduka ya spea. Zitazame vizuri: zisiwe na ufa, wala kutu iliyokula chuma, na zote nne ziwe za seti moja.

Hatua ya 2. Gari liwe mahali palipo sawa. Liinue kwa jeki, kisha uliweke juu ya stendi imara. Usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Hatua ya 3. Springi iliyo ndani ya gari imebanwa kwa nguvu ya mamia ya kilo. Ukifungua nati ya juu bila kuibana, yaruka kama risasi. Tumia kibanio cha springi, upande wa kushoto na wa kulia kwa zamu, polepole. Asiye na kibanio asianze kazi hii.

Hatua ya 4. Funga springi mpya, ncha yake ikae sawasawa katika kiti chake. Gurudumu likining'inia, ishike springi kwa mkono, uitikise. Ikicheza, haifai.

Hatua ya 5. Hii wengi huisahau. Boliti zinazopita katika bushi zisikazwe gari likiwa hewani. Zishikize tu. Literemshe gari, likae kwa uzito wake, ndipo ukaze. Ukikaza gari likiwa juu, mpira wa bushi utabaki umejipinda kila siku. Utakuwa mgumu, na utapasuka upesi.

Hatua ya 6. Gari likishuka, magurudumu hubadili namna yanavyosimama. Juu huelekea ndani kidogo, na mbele hayatazami tena sawasawa. Usipoyanyoosha, matairi yataliwa upande wa ndani, na mwenye gari haoni mpaka nyuzi zimetoka. Nenda mjini penye mashine ya kunyoosha magurudumu. Fedha ya kunyoosha ni ndogo kuliko bei ya matairi mawili.

Hatua ya 7. Usiku tazama taa. Kama mbele kumeshuka kuliko nyuma, taa zamulika karibu mno. Zirekebishe.

KIJANA: Na mtu asiyepata springi hizo, akitaka kukata?

FUNDI: Namwambia asubiri azipate. Lakini najua wako watakaokata, basi wasikie. Springi yenye ncha zilizobanana na kufinywa haikatwi kabisa. Springi yenye ncha iliyo wazi ndiyo pekee yaweza kukatwa. Ikatwe kwa jiwe la kukatia, polepole, si kwa gesi, ili chuma kisipate moto. Isizidi nusu mzunguko, kulia na kushoto sawa. Na jaribio la kuitikisa gurudumu likining'inia halina msamaha.

Mwisho wa habari

MWALIMU: Baada ya kazi, kijana alimpeleka tena mama yake Peramiho. Walipita Gumbiro, wakapita Songea mjini, wakarudi. Kijana, mama alisemaje?

KIJANA: Mwalimu, kwanza hakujua kwamba gari limeshushwa. Tulipofika nyumbani aliuliza, "Gari hili umelifanya nini? Leo mgongo umenyamaza." Nikamwambia nimelishusha. Akacheka, hakuamini. Nami nimeona kwamba katika kona gari halilali upande kama zamani.

FUNDI: Sababu ni kwamba uzito wa gari umekaa chini zaidi, na shokapu ni nzima. Lakini ongeza uangalifu, mwanangu. Chombo kilichokaa chini hakipiti kila mahali. Wakati wa mvua njia yenu ikichimbika, liache gari lami, utembee.

KIJANA: Asante, Mzee. Nitafanya hivyo.

MWALIMU: Wanafunzi, tumejifunza nini? Tumejifunza kwamba kijana angeweza kutumia fedha zake zote kununua rimu na kukata springi, akapata gari zuri la kutazama ambalo mama yake asingeweza kulipanda. Fedha zile zile zikafanya kazi nyingine, kwa sababu alipima kabla ya kukata. Rula ya darasani na kipande cha uzi vimemsaidia kuliko maneno ya wenzake. Pima kwanza, ndipo ukate. Ni neno la fundi seremala, la fundi cherehani, na la fundi wa magari pia.

Maswali ya darasa

1. Raba ya kizuizi ina kazi gani?
2. Springi yenye mizunguko 8 imebonyea sentimita 16 kwa uzito wa gari. Kila mzunguko umebonyea sentimita ngapi? Ukikata mzunguko 1, springi itabonyea sentimita ngapi kwa uzito ule ule?
3. Tairi limeandikwa 195/65 R15. Kimo cha ubavu wake ni karibu milimita ngapi?
4. Akiba ya gari ni sentimita 6. Safari yatumia 4. Mwenye gari ataka kulishusha sentimita 3. Mwambie nini, na kwa nini?
5. Kwa nini boliti za bushi zikazwe gari likiwa limekaa chini?

Kwa kiongozi wa darasa: Majibu ya hesabu ni haya. Swali la 2: sentimita 2, kisha sentimita 14. Swali la 3: karibu milimita 127. Swali la 4: akiba itakayobaki ni sentimita 3, nayo haitoshi safari ya sentimita 4. Wanafunzi wajadili pia: katika nyumba zetu, ni kazi gani nyingine ambazo watu hukata kabla ya kupima?

MWALIMU: Tumefika mwisho wa somo la leo. Wiki ijayo, siku hii hii na saa hii hii, tutasoma namna ya kuandika hesabu ya matumizi ya gari kwa mwezi. Njoni na madaftari yenu.